Kuchapa picha ya mtu kwa maua ya nyumbani kwake

Shangazi yangu, mjini Lamu, ana mwasumini uliopanda ukuta wa kiwanda, yaani uwanja wa wazi ulio ndani ya nyumba, na pembeni yake bogenvilia ya zambarau ambayo kila mwaka inabidi ikatwe isije ikaziba ngazi ya juu. Kwa miaka mingi nilimwomba nimpige picha katikati ya maua yake, na kila mara akakataa. "Uso wangu sitaki uzunguke kwenye simu za watu." Siku moja nikamweleza kuwa sura yake ingechapwa kwa maji ya bogenvilia yake mwenyewe, kwenye karatasi moja tu, na kwamba karatasi hiyo lazima ikae sandukuni kwa sababu mwanga huila. Alinyamaza, akachuma jani la rehani akalinusa, akasema: "Hiyo nipige."

Tangu hapo nimefanya kazi hii na jamaa na majirani kadhaa. Nayaandika hapa yote niliyojifunza, kwa yeyote mwenye kamera au simu, mmea mmoja wa maua nyumbani na siku chache za jua.

Njia yenyewe ni kongwe. John Herschel, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, aliieleza mwaka 1842, baada ya kujaribu maji ya maua mengi kuona jua linavyoyafifisha. Rangi ya ua hupauka juani, kama leso iliyosahauliwa kambani. Ukipaka maji ya ua kwenye karatasi, ukaweka juu yake picha iliyochapwa kwenye plastiki angavu, kisha ukaiacha juani, penye weusi jua halipiti na rangi hubaki. Palipo wazi rangi hufa. Mwishowe uso unatokea. Huhitaji chumba cha giza wala dawa za maabara.

Ruhusa kwanza, kamera baadaye

Nenda siku ya kwanza bila kamera. Piga hodi, toa shikamoo, kaa, kunywa kahawa, uyasifu maua kwa dhati kwa sababu yanastahili. Ndipo ueleze unachotaka. Mambo matatu yasemwe waziwazi: nani ataiona picha, faili itakaa wapi, na itafutwa lini. Mimi huifuta kwenye simu na kwenye kompyuta mbele ya mwenyewe, karatasi ikishakubalika. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazungumzia idhini, na kwa mtoto idhini ya mzazi au mlezi, lakini mjini kwetu heshima ya nyumba ilikuwepo kabla ya sheria hiyo.

Mwanamke asiyetaka uso wake uonekane bado ana picha nzuri ndani yake. Mikono inayotunga asumini. Shingo na kisogo chenye koja. Nusu ya uso, leso imevutwa hadi kwenye shavu, jicho moja linatazama ua. Baadhi ya kazi ninazozipenda zaidi hazina uso kabisa. Na usiseme "itakuwa nzuri tu, usijali." Mwonyeshe kila picha kwenye skrini, na anayoikataa ifutwe hapo hapo.

Fuata saa ya ua

Hili ndilo wapiga picha wengi hulikosea. Wanapanga saa inayowafaa wao, kisha wanashangaa maua yamelala.

Asumini ni ua la jioni. Baada ya swala ya alasiri tumba zake bado zimefumba, nyeupe, ncha zake kama ncha za vidole vya mtoto. Ndiyo saa ya kuzichuma. Zikishatungwa kwenye uzi, zinafumbuka zenyewe karibu na swala ya Magharibi, na harufu inaingia hadi vyumba vya ndani. Kwa hiyo ukitaka picha ya asumini, muda wako ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ukienda asubuhi utakuta maua ya jana yamegeuka kahawia chini ya ukuta.

Haibiskasi ni kinyume chake. Huchanua asubuhi, na kwa kawaida ua moja halidumu zaidi ya siku. Mpige mtu wako saa moja au saa mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Bogenvilia haina haraka, kwa kuwa ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli kidogo cheupe kilicho katikati. Langilangi ni gumu kwa picha, maana likiwa changa huwa kijani na hupotea katikati ya majani yake. Subiri limegeuka manjano.

Mwanga wa kiwandani

Nyumba ya mawe ya Lamu ni studio ambayo mababu walitujengea bila kujua. Kiwanda kiko wazi juu, kuta ni za chokaa nyeupe, na mwanga unaposhuka hugonga ukuta ukarudi ukiwa laini. Usimweke mtu katikati ya kiwanda. Mkalishe ukingoni, chini ya dari ya msana, ule ukumbi unaopakana na kiwanda, akielekea uwazi. Hapo paji la uso na mashavu yanapata mwanga, na nyuma yake giza la chumba linakuwa pazia.

Angalia rangi inayorudi usoni. Mtu akiwa karibu sana na bogenvilia, shavu la upande huo hugeuka waridi. Akiwa katikati ya majani, hugeuka kijani kama mgonjwa. Tandika shuka nyeupe kwenye mapaja yake au umshikishe mtoto shuka hiyo upande wa giza, na rangi itatulia.

Saa sita mchana acha kabisa. Lamu iko karibu nyuzi mbili kusini ya ikweta, jua liko utosini, na macho huwa mashimo mawili meusi. Saa hizo tutazihitaji kwa kazi nyingine.

Kupiga

Usimwambie mtu ashike ua karibu na shavu atabasamu. Mikono hukakamaa na ua linakuwa kama kitu cha kuazima. Mpe kazi. Mwambie atunge.

Nilipompiga shangazi alikuwa na ungo mdogo wa tumba magotini. Alilowesha ncha ya uzi kwa midomo, akaupitisha kwenye tundu la sindano bila hata kuitazama, kisha akaanza: tumba moja kwenye kikonyo, la pili likigeuzwa upande mwingine, kidole gumba kikilisukuma hadi likutane na mwenzake. Baada ya tumba kumi hivi alisahau kuwa nipo. Uso ulishuka, midomo ikalegea kidogo, na mkunjo mmoja mdogo ukajitokeza katikati ya nyusi, ule anaoupata akifanya jambo analolijua. Picha niliyoichagua ilitoka hapo. Nilipiga karibu sabini kuipata.

Kwa kamera, lenzi ya milimita 50 inatosha. Usifungue tundu la lenzi hadi mwisho; kwa f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ua litakuwa kali na jicho litapotea. Mimi hutumia f/4, na kasi isiyopungua 1/125 ya sekunde kwa sababu vidole vinakwenda. Kwa simu, rudi nyuma hatua mbili na utumie lenzi ya kuvuta karibu kama ipo, maana lenzi pana ukiisogeza usoni hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma.

Sasa weupe wa asumini. Mtu akivaa buibui, kamera huona weusi mwingi na kuongeza mwanga, na maua yanaungua yawe doa jeupe lisilo na petali. Gusa ua kwenye skrini, kisha vuta mwanga chini hadi uone mstari kati ya petali moja na nyingine. Uso utaonekana giza kidogo, lakini giza la uso linarekebishika. Petali iliyoungua hairudi.

Kuandaa plastiki

Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Maji ya maua hayana uwezo wa kuonyesha vivuli vingi kama karatasi ya studio, hivyo picha inayopendeza kwenye skrini inaweza kutoka kama doa moja la rangi. Ngozi zetu zinahitaji uangalifu hapa. Zikiachwa zilivyo, shavu, pua na kidevu vyote hujaa wino, na jua haliwezi kuvitofautisha. Pandisha mwanga wa uso hadi kope, midomo na ubavu wa pua vitengane waziwazi, na maua meupe yaachwe bila wino kabisa. Nywele na nguo nyeusi ziache nzito.

Geuza picha kushoto-kulia kabla ya kuchapa, ili upande wenye wino ulale juu ya karatasi yenyewe. Ukali unaongezeka sana. Chapa kwenye transparensi, ile plastiki ya projekta ya zamani. Mwambie mwenye duka la fotokopi asitumie ile ya kufungia ripoti, maana huyeyuka ndani ya printa ya leza, na hasara hiyo ni ya mashine yake. Chapa nakala mbili, uzipange moja juu ya nyingine macho yakutane na macho, uzibandike kwa selotepu. Nakala moja mara nyingi weusi wake ni hafifu, na jua hupenya.

Maji ya maua

Chuma konzi mbili za bogenvilia iliyokolea, uzitwange kwenye kinu kidogo na vijiko vitatu vya maji hadi ziwe uji. Chuja kwa melimeli safi, ukamue. Rangi ya bogenvilia ni ya ukoo mmoja na ile ya biti: huyeyuka majini, haipendi joto, na huharibika upesi. Itumie siku hiyo hiyo.

Maji gani? Hapa nilipoteza wiki nzima. Mara ya kwanza nilitumia haibiskasi nyekundu na maji ya kisima chetu, na nikapata rangi ya kijivu yenye ukijani. Nilidhani maua ni mabovu. Kumbe rangi ya haibiskasi hubadilika kwa uchachu: ndimu huipeleka kwenye wekundu, na maji yenye chumvichumvi za mawe huivuta kwenye buluu na kijani. Kisima chetu kinapita kwenye mawe ya matumbawe. Tangu hapo natumia maji ya mvua kutoka kwenye birika la kuhifadhia maji, au ya chupa, na haibiskasi huiongezea matone mawili ya ndimu. Karatasi pia inaweza kukusaliti vivyo hivyo, kwa kuwa nyingi za wachoraji huwekewa chokaa wakati wa kutengenezwa ili zidumu. Paka kipande cha pembeni kwanza uone.

Kwa anayeanza, nashauri manjano ya jikoni badala ya ua lolote. Kijiko kikubwa kimoja cha unga, robo kikombe cha spiriti ya kusafishia vidonda, koroga, acha itulie, tumia maji ya juu. Ni lazima iwe spiriti kwa sababu manjano hayayeyuki vizuri katika maji. Na spiriti inashika moto, kwa hiyo mbali na jiko. Manjano hupauka haraka kuliko yote, na utaiona picha siku hiyo hiyo, jambo linalompa mtu moyo.

Paka kwa brashi pana kwenye karatasi nene, kwenye chumba chenye giza giza. Acha ikauke yenyewe, paka tena, mara tatu. Usiianike juani wala usitumie mashine ya nywele.

Kumweka mtu ndani ya maua yake

Asumini haina rangi ya kukamua. Nilisikitika nilipotambua hivyo, kwa kuwa ndilo ua la shangazi hasa. Lakini ua si lazima liwe wino. Linaweza kuwa kivuli. Ukilaza kijitawi cha asumini juu ya karatasi, pembeni mwa uso, nalo huzuia jua, na umbo lake hubaki. Asumini nyeupe hutoka zambarau.

Ila usiweke ua bichi. Chini ya kioo chenye joto hutoa maji, na karatasi hupata doa la kahawia lisilotoka. Nina picha ya jirani iliyoharibika kwa njia hiyo, na nilikwenda kumwomba radhi. Libane ua kwenye magazeti chini ya vitabu vizito kwa siku nne au tano. Panga tumba chache tu, zikifuata mstari wa shingo au wa leso. Majani ya rehani yanafaa sana, ni membamba na yana umbo zuri. Ukadi, ua la mkadi, ni mnene mno, ukate vipande vyembamba.

Juani

Chini ubao, kisha karatasi, kisha maua makavu, kisha plastiki, kisha kioo kisafi, na klipu nne za kubana. Peleka juu ya paa saa tatu asubuhi, urudishe ndani saa kumi. Usiuache usiku, unyevu wa bahari huingia.

Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la Lamu hupita wima kabisa, kwa hiyo ubao ulale bapa. Mwezi wa sita uinamishe kidogo kuelekea kibla, ambayo kwetu ni kaskazini, kwa kuwa jua liko upande huo. Mwezi wa kumi na mbili uupe kibla mgongo. Miezi mizuri kuliko yote kwangu ni Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na anga ni kavu. Masika nayasubiri yapite. Wakati wa kusi weka mawe mazito kwenye pembe za ubao, na uweke chandarua au kikapu cha wazi juu, si kwa upepo bali kwa paka, ambao kioo chenye joto kwao ni kitanda.

Manjano hunichukua siku moja, bogenvilia siku tatu hadi sita, haibiskasi wiki au zaidi. Hesabu hizi ni za paa letu. Lako litakuwa na zake. Kila jioni fungua klipu mbili za upande mmoja tu, inua kona uchungulie, ufunge tena bila kuisogeza plastiki. Ikisogea hata kidogo, uso unakuwa na macho manne. Iondoe pale maua meupe yaliyomo kwenye picha yanapokaribia rangi ya karatasi tupu na mstari wa midomo unasomeka. Kuzidisha ni hatari kuliko kupunguza: jua likianza kula vivuli haliachi.

Kama una mkungu, ule mti wa kungu, karibu, jaribu pia jani lake pana, ukiweka plastiki moja kwa moja juu yake. Binh Danh, mpiga picha wa Marekani aliyezaliwa Vietnam, amechapa nyuso za watu wa vita kwenye majani kwa njia hii, na nilipoziona picha zake nilielewa kuwa jani linaweza kubeba mtu.

Kuitunza

Rangi hii haina dawa ya kuigandisha. Mwanga uliotengeneza picha ndio utakaoifuta, polepole. Usiitundike sebuleni. Iweke kati ya karatasi mbili safi, ndani ya bahasha nene, mahali pakavu. Mwenye picha aamue kama inaruhusiwa kupigwa nakala kwa simu kabla ya kufungwa. Wengine hukubali, shangazi alikataa.

Yake ameifunga kwa leso kuukuu, ndani ya sanduku la mbao lililo chumba cha ndani kabisa, pamoja na hati za nyumba. Akija dada yake kutoka Pate huitoa baada ya Isha, wanaitazama kwa taa ndogo, kila mmoja akiweka kidole mahali asumini zilipo, kisha anaifunga na kuirudisha.